Usingoje Mvua Ndipo Uanze Kitalu cha Mboga

Huenda ukashangaa kusikia muuguzi akizungumza juu ya mbegu na mbolea. Tafadhali usizime redio. Leo tutaona jinsi siku unayotia mbegu udongoni inavyohusika na uzito wa mtoto wako.

Mama mmoja alikuja kliniki mwezi wa Juni na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Katika kijitabu cha mama na mtoto, mstari wa uzito ulikuwa umepanda vizuri hadi Machi, kisha ukalala. Nilimuuliza mtoto anakula nini. Akajibu, "Sista, ni uji na muthokoi tu. Maembe yaliisha. Sukuma wiki nilipanda mvua iliponyesha, lakini ilikauka."

Mama huyo hakuwa mvivu. Alichelewa kwa majuma matano tu. Hebu tuhesabu pamoja.

Sisi wa Ukambani tuna misimu miwili ya mvua. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tunayoitegemea zaidi. Mvua ya Machi hadi Mei kwetu ni haba, na mara nyingi huanza mwisho wa Machi na kukatika mapema Mei. Mche wa sukuma wiki hukaa kitaluni majuma manne hadi sita kabla ya kuhamishwa. Ukitia mbegu mvua ikianza, tuseme tarehe 28 Machi, miche itakuwa tayari mwanzo wa Mei, wakati mvua inaaga. Lakini ukitia mbegu tarehe 20 Februari, miche itakuwa tayari mwisho wa Machi. Mvua ikinyesha, wewe unahamisha, na mboga zako zinapata mvua yote.

Kuna sababu nyingine ya kuanza mapema. Mwanzoni mwa mwaka watoto wetu hula maembe. Embe lililoiva lina vitamini A, ambayo husaidia macho kuona vizuri na mwili kupigana na magonjwa kama kuhara na surua. Maembe huisha karibu na Machi. Maembe yakiisha, ni nini kitashika nafasi yake? Ni mboga za majani: kunde, mchicha, managu na sukuma wiki. Mboga hizi zina vitamini A, na pia zina madini ya chuma yanayosaidia kuongeza damu kwa mama mjamzito na mtoto.

Sasa, tufanye nini mwezi wa Februari, wakati jua ni kali na maji ni ya kuteka mbali?

Kwanza, pima mbegu zako. Chukua mbegu 10, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, ukikilowesha kila siku. Baada ya siku 7 hadi 10, hesabu zilizoota. Zikiota 7 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 5 au chini, tafuta mbegu nyingine au panda mara mbili zaidi.

Pili, tengeneza kitalu kidogo karibu na nyumba, mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Mita moja kila upande inatosha, nayo itakupa miche zaidi ya 100. Katika nchi kavu kama yetu, usiinue tuta. Chimba kitalu kiwe chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie. Changanya udongo na mbolea ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri. Mbolea mbichi huchoma miche, tena huweza kubeba vijidudu na mayai ya minyoo. Ukishaishika, nawa mikono kwa sabuni.

Tatu, chora mistari iliyoachana sentimita 15. Tia mbegu kina cha sentimita moja, funika kwa udongo mwembamba, kisha tandaza nyasi kavu. Miche ikianza kuchomoza, baada ya kama juma moja, ondoa nyasi hizo na ujenge kichanja kifupi cha kuipa kivuli.

Nne, maji. Kitalu cha kiasi hiki kinahitaji kama lita 10 kwa siku, yaani nusu ya mtungi wa lita 20. Mwagilia asubuhi na jioni, si mchana. Maji uliyooshea mboga au mchele yanafaa sana. Lakini usitumie maji uliyofulia nepi za mtoto au nguo za mgonjwa. Ukihifadhi maji katika pipa, lifunike, maana mbu huzaana humo.

Tano, juma moja kabla ya kuhamisha, punguza maji na kivuli kidogo kidogo ili miche izoee jua. Hamisha jioni, mche ukiwa na majani manne hadi sita. Sukuma wiki ipewe nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche.

Je, mvua ikichelewa? Usihamishe miche yote shambani. Jaza gunia kuukuu udongo na mbolea, weka mawe madogo katikati kuanzia chini hadi juu ili maji yapenye, toboa matundu ubavuni na upande miche humo. Gunia moja au mawili mlangoni humwagiliwa kwa maji kidogo ya jikoni, hata shamba likiwa limekauka.

Kunde na mchicha havihitaji kitalu. Panda moja kwa moja mvua inapoanza, na baada ya majuma matatu au manne utaanza kuchuma majani machanga. Hizo zitawalisha watoto huku sukuma wiki ikikua. Usidharau kunde ukaziita chakula cha maskini. Ni mboga ya kwetu, inastahimili jua, na ina nguvu mwilini.

Naomba niseme jambo moja zito. Mbegu nyingi za dukani zimepakwa dawa, na mara nyingi zina rangi ya waridi, nyekundu au buluu. Dawa hiyo ni sumu. Usipike mbegu hizo hata njaa ikibisha hodi, na usidhani kuziosha kunatosha. Usiwape kuku. Ziweke mbali na watoto, na unawe mikono baada ya kupanda. Mtoto akizila, mkimbize kituo cha afya mara moja, na ubebe pakiti yake.

Mboga zikifika jikoni, zisipotee kwa moto. Zioshe kabla ya kukata, si baada. Zipike kwa muda mfupi, na uongeze mafuta kidogo, maana vitamini A huingia mwilini kwa msaada wa mafuta. Kipande cha chungwa pamoja na chakula husaidia mwili kupokea madini ya chuma, lakini chai huyazuia. Basi chai isubiri saa moja baada ya mlo. Mtoto aliyetimiza miezi 6 apewe mboga zilizopondwa laini pamoja na chakula kingine, huku akiendelea kunyonya.

Baba, nawe usiseme kitalu ni kazi ya mama. Kuchimba, kujenga kichanja na kuleta mtungi mmoja wa maji ni kumtunza mtoto wako.

Na kama mtoto wako haongezeki uzito, miguu imevimba, au haoni vizuri jioni, usingoje mboga zikue. Mlete kliniki leo. Hata mtoto mwenye afya apelekwe kupewa matone ya vitamini A akitimiza miezi 6, kisha kila baada ya miezi 6 hadi afikishe miaka 5.

Basi, msikilizaji, chukua kalenda na utie alama juma la tatu la Februari. Siku hiyo mbingu zitakuwa kavu, na huenda jirani akakucheka. Mwache acheke. Mvua ikija, yeye atakuwa anatafuta mbegu, nawe utakuwa na miche mkononi.

Kinga ni bora kuliko tiba.