Mashine Inapima Mfupa, Haipimi Kuanguka

Mtu akianguka kutoka juu ya mwembe akavunjika mkono, hakuna anayeshangaa. Lakini akijikwaa kizingitini akiwa amesimama wima, akajikinga kwa kiganja na mfupa ukakatika juu kidogo ya kifundo, daktari makini ana swali la ziada: mfupa huo ulikuwa na nguvu kiasi gani kabla ya kujikwaa? Kanuni yake ni rahisi. Mfupa wa mtu mzima mwenye afya unatakiwa kuhimili anguko lisilozidi kimo chake mwenyewe. Usipohimili, hasa baada ya umri wa miaka 50, huenda umeshapungua. Mara nyingi mwenyewe hana habari, maana mfupa unaopungua hauumi. Hali hiyo ndiyo madaktari wanaita osteoporosisi.

Wengi hudhani mfupa ukishakua umekwisha kazi, unabaki kama nguzo. Sivyo. Mfupa ni kiungo hai, na ndani yake kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, usiku na mchana. Kila mwaka karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya. Ndimo pia mwili unamoweka asilimia 99 ya kalisi yake, na damu ikipungukiwa huja kuchukua humo. Utotoni na ujanani wajenzi wanawashinda wabomoaji, na kufikia miaka 30 hivi mifupa imefika kilele cha uzito wake. Baada ya hapo mizani huanza kuelemea upande wa pili, taratibu. Kwa wanawake huja kipindi cha kasi, miaka ya kukoma hedhi, kwa kuwa homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji. Wanaume nao hupoteza mfupa, ila kwa mwendo wa polepole na wakiwa wamechelewa zaidi kuanza.

Kwa miaka mingi hapakuwa na njia ya kuuona upungufu huo mapema. Eksirei ya kawaida ni nzuri kwa kuonyesha ufa, lakini kwa kupima uzito wa mfupa ni dhaifu: karibu theluthi ya madini inaweza kupotea kabla jicho la daktari halijaona tofauti kwenye picha. Mwaka 1963 John Cameron na James Sorenson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha katika jarida la Science njia mpya. Walipitisha mwali mwembamba wa mionzi ya iodini kwenye mkono, wakahesabu kiasi kilichotokea upande wa pili. Kadiri mfupa ulivyokuwa na madini mengi, ndivyo mionzi iliyovuka ilivyopungua. Tatizo lilikuwa nyama. Nayo huzuia mionzi, kwa hiyo ilibidi mkono uzungukwe na kitu chenye tabia ya nyama ili unene uwe sawa kote. Mkono unaweza kufanyiwa hivyo, lakini nyonga na uti wa mgongo haviwezi, na huko ndiko kuvunjika kunakoleta balaa kubwa.

Ufumbuzi ulikuwa kutumia mionzi ya nguvu mbili kwa pamoja. Ukinunua sokoni fungu lenye nyanya na vitunguu, bei ya fungu hilo peke yake haikuambii nyanya moja ni shilingi ngapi. Ukipata fungu la pili lenye mchanganyiko tofauti, hesabu inatoka. Ndivyo ilivyo hapa: nyama na mfupa huzuia mionzi ya nguvu ndogo na ya nguvu kubwa kwa viwango tofauti, na kwa vipimo viwili kompyuta inaweza kuitoa nyama kwenye hesabu ukabaki mfupa. Mwanzoni chanzo cha mionzi hiyo kilikuwa madini ya gadolini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaachwa, ikaingia eksirei ya nguvu mbili, iliyo ya haraka na yenye picha safi zaidi. Mashine hiyo inajulikana kwa kifupi chake, DXA, na mpaka leo ndiyo inayotegemewa duniani.

Kipimo chenyewe hakitishi. Unavua mkanda, sidiria yenye vyuma na chochote chenye zipu, unalala chali juu ya meza iliyo wazi. Hakuna tundu la kuingia wala sindano. Kupima kiuno, miguu inainuliwa juu ya boksi la sponji ili mgongo ulale bapa mezani. Kupima nyonga, mhudumu anaugeuza mguu wako kwa ndani na kuufunga kwenye kibao, ili shingo ya mfupa wa paja ijionyeshe kwa urefu wake wote. Mguu ukilegea na kugeuka nje, namba inaharibika. Mkono wa mashine unapita juu yako polepole, na kwa dakika kumi au kumi na tano kazi imekwisha. Mionzi yake ni kidogo mno, inakaribiana na ile anayoipata mtu yeyote kwa siku moja kutoka ardhini na angani.

Kisha unapewa karatasi yenye mchoro wa rangi na namba. Inayotazamwa kwanza inaitwa alama T. Inakulinganisha na wanawake vijana wenye umri wa miaka 20 hadi 29. Sifuri maana yake uko sawa na wastani wao. Theluthi mbili hivi ya vijana hao wako kati ya hatua moja juu ya wastani na hatua moja chini yake. Kila hatua unayoshuka, uwezekano wa kuvunjika unakaribia kuongezeka maradufu. Mwaka 1994 jopo la Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka: kuanzia −1 kwenda juu ni kawaida, kati ya −1 na −2.5 mfupa umepungua, na −2.5 kushuka chini ni osteoporosisi. Kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi na wanaume walio chini ya miaka 50 hutumika alama Z, inayomlinganisha mtu na wa umri wake.

Inafaa kujua mpaka huo ulitoka wapi, maana wengi wanaupokea kama hukumu. Haikugunduliwa kwamba mfupa wa −2.4 ni mzima na wa −2.5 ni mgonjwa. Jopo lilichagua mahali pa kukata ambapo takriban asilimia 30 ya wanawake wazungu waliokoma hedhi wangeangukia upande wa ugonjwa, idadi iliyokaribiana na ya wale ambao wangekuja kuvunjika maishani mwao. Ni mstari uliochorwa na watu ili kazi ifanyike, na waliopimwa kuuchora walikuwa wanawake wazungu.

Mashine nayo ina udhaifu wake. Inaona kivuli cha mfupa, kwa hiyo inagawanya madini kwa eneo, gramu kwa sentimita mraba. Unene wa mfupa kwenda nyuma hauuoni. Mwanamke mwenye umbo dogo anaweza kupata namba ya chini ilhali mfupa wake ni imara kwa kipimo cha mwili wake. Kwa upande mwingine, mzee ambaye pingili zake za kiuno zimeota miiba ya mifupa kwa sababu ya kusagika anaweza kupata namba ya kupendeza, kwa kuwa miiba hiyo inahesabiwa pamoja na mfupa. Ndiyo maana nyonga na mgongo hupimwa vyote viwili.

Somo kubwa zaidi lilitoka Afrika yenyewe. Mwaka 1968 Louis Solomon aliripoti kwamba mjini Johannesburg watu weusi walivunjika nyonga mara chache sana kuliko wazungu. Baadaye, huko Keneba, kijiji cha Gambia chenye kituo cha utafiti cha Waingereza, Ann Prentice na wenzake walikuta wanawake wanaokula miligramu 300 hadi 400 tu za kalisi kwa siku, wakati Uingereza mtu mzima anashauriwa kupata 700. Madini ya mifupa yao yalikuwa machache kuliko ya Waingereza, ila kuvunjika kulikuwa nadra. Watafiti wakajaribu kuwapa wajawazito miligramu 1,500 za kalisi kila siku. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliwashangaza: baada ya kujifungua, waliopewa kalisi ndio waliokuwa na madini machache zaidi ya nyonga. Inaonekana mwili uliozoea kidogo ulikuwa umejifunza kubana matumizi, na msaada ule ukauvuruga.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba huu ni ugonjwa wa wengine. Tafiti za karibuni Afrika Kusini na Zimbabwe zimeonyesha kwamba Waafrika weusi nao wanavunjika nyonga mara nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Watu wanaishi miaka mingi zaidi, na nyonga huvunjika uzeeni.

Umri ndio unaoieleza namba. Mama wa miaka 50 na bibi wa miaka 80 wakipata −2.5 wote wawili, bibi yuko hatarini mara kadhaa zaidi, kwa sababu anaanguka kwa urahisi na mfupa wake umechoka kwa namna ambayo kivuli hakionyeshi. Aidha, utafiti mkubwa uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wanawake waliovunjika hawakuwa wamefikia −2.5. Hapo ndipo John Kanis, aliyekuwa miongoni mwa waliotunga mipaka ya 1994, na timu yake ya Chuo Kikuu cha Sheffield walipotoa mwaka 2008 kikokotoo kiitwacho FRAX. Kinakisia uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka kumi, na maswali yake yanajibika bila mashine: umri, jinsia, uzito, urefu, kama umewahi kuvunjika ukiwa mtu mzima, kama mzazi wako alivunjika nyonga, sigara, pombe, baridi yabisi ya viungo, matumizi ya dawa za steroidi. Namba ya DXA ikiwepo inaongezwa. Isipokuwepo, hesabu inaendelea.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako mashine hizi ni chache na nyingi ziko katika miji mikubwa, hilo ni jambo la kushika. Mengi yanajulikana kwa kuuliza na kwa futi ya kupimia kimo. Mtu aliyepungua sentimita nne au zaidi tangu ujanani, au ambaye mgongo umeanza kupinda kuwa kibiongo, huenda pingili zake zimebonyea bila yeye kujua. Anayemeza prednisoloni, mojawapo ya dawa hizo za steroidi, kwa miezi mitatu au zaidi amwambie daktari. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hupunguza mfupa kwa muda, na ukiacha kuitumia kwa kiasi kikubwa hurudi. Tenofovir, iliyomo kwenye dawa nyingi za ARV, hupunguza asilimia chache mwanzoni kisha kasi hutulia. Hiyo si sababu ya kuacha ARV, ila ni sababu ya kuulizia mifupa unapozeeka nazo. Jua tunalo: Wamasai na Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania wamepimwa wakakutwa na vitamini D tele. Anayeshinda ofisini, au aliyehamia Ulaya, asidhani anayo kama wao. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, kutembea, kulima na kubeba mizigo ya kiasi bado ni msingi.

Dawa zipo na zinafanya kazi. Alendroneti, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995, huwafunga mkono wabomoaji. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa ili isiunguze umio. Ila dawa haiondoi sakafu ya bafu inayoteleza, ngazi isiyo na pa kushika, mtoto wa jicho ambaye hajatolewa, au dawa ya presha inayoleta kizunguzungu mtu akiinuka kitandani usiku. Hayo nayo huvunja nyonga, na familia inaweza kuyashughulikia wiki hii hii.

Kwa hiyo anayetoka kupimwa na karatasi yake mkononi aulize mambo matatu. Ni mfupa gani uliotoa namba hii? Kuna lolote mwilini mwangu linaloweza kuipotosha? Na ukijumlisha umri wangu, mifupa niliyowahi kuvunja na dawa ninazomeza, uwezekano wangu wa kuvunjika katika miaka kumi ijayo ni kiasi gani? Jibu la swali la tatu ndilo la kuamulia kama utaanza dawa au utasubiri. Na aliye mbali na mashine anaweza kuliuliza leo, kwenye zahanati ya jirani.