Kusawazisha Gurudumu la Baiskeli: Istilahi na Kazi Yenyewe

Mfasiri wa maandishi ya ufundi hukutana mara nyingi na kazi ya kuliondolea gurudumu la baiskeli myumbo wake. Waingereza huitaja kazi hiyo kwa neno lile lile wanalolitumia kwa maana ya "-a kweli", na hapo kamusi peke yake haimsaidii. Aghalabu mfasiri hukimbilia kitenzi "kunyoosha". Sisi tunaona kwamba kitenzi hicho kinapotosha, na hapa tunaeleza sababu.

"Kunyoosha" ni kitenzi cha bati na msumari. Humwelekeza msomaji kwenye nyundo. Lakini ringi ya baiskeli haisimami kwa ugumu wake tu, bali huvutwa na spoku kutoka pande zote. Baiskeli za mizigo za mtindo wa zamani wa Kiingereza, ambazo zimeenea vijijini kwetu, kwa kawaida huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Nusu yake huanzia upande wa kulia wa habu, na nusu upande wa kushoto. Spoku ya upande mmoja ikilegea au ikikatika, mvuto wa upande wa pili huishinda na ringi huhamia huko. Kilichoharibika hapo ni ulingano wa mvuto. Kwa hiyo tunapendekeza "kusawazisha", na "kunyoosha" kubaki kwa ringi ambayo chuma chake kimepinda kwa kugonga jiwe au shimo.

Na tuipime istilahi hii kwa kazi yenyewe. Mkazi wa Kitura, katika wilaya ya Mbinga yenye milima, akiteremka na gunia nyuma ya baiskeli, maisha yake yamo mikononi mwa breki. Breki zinazobana ringi hazishiki sawasawa endapo ringi inayumba. Dawa anaweza kuipata nyumbani kwake.

Kwanza ageuze baiskeli, ikae juu ya tandiko na usukani. Afunge kijiti kwenye uma, ncha yake ikaribiane na ringi, kisha azungushe gurudumu polepole. Pale ringi inapogusa kijiti ndipo ilipohama. Kabla ya kugusa spana, azipapase spoku za mahali hapo kwa vidole ili ajue zilizolegea. Ikiwa ringi imehamia kushoto, akaze spoku za kulia na kulegeza kidogo za kushoto. Kila nati aizungushe robo mzunguko tu, kisha atazame tena. Mwenye haraka hukaza mno mahali pamoja, na myumbo mwingine huzuka mbele yake.

Hapa mfasiri ana mtego wa pili. Agizo la "zungusha kufuata mkono wa saa" halina maana bila kutaja mahali pa kutazamia. Nati ya spoku ikitazamwa kutoka upande wa tairi, hukazwa kwa kufuata mkono wa saa. Ikitazamwa kutoka upande wa habu, mwendo huo huo huonekana kuwa kinyume. Mfasiri akiacha maelezo hayo, msomaji atalegeza alipotakiwa kukaza.

Yafaa pia kutenganisha myumbo wa aina mbili. "Myumbo wa kando" ni ringi kwenda kulia na kushoto. "Myumbo wa kimo" ni ringi kupanda na kushuka. Palipoinuka hurudishwa kwa kukaza pamoja spoku za kulia na za kushoto, ambazo huivuta ringi kuelekea kwenye habu.

Maneno "spoku", "ringi" na "habu" mafundi wamekwisha kuyazoea, wala hatuoni haja ya kuwabadilishia. Tunaloomba kwa walimu na wafasiri ni kuyapima maagizo yao mbele ya baiskeli iliyogeuzwa, kabla ya kuyapeleka kwa mpiga chapa.