Mtende Mmoja, Mashamba Elfu

Anayenunua tende za khalas Al-Sulay, kusini-mashariki mwa Riyadh, akarudi mwakani, atakuta utamu uleule. Mtende wa khalas hauoteshwi kwa kokwa. Mkulima hung'oa chipukizi lililoota shinani mwa mama, akalipanda pembeni. Nalo likikua huzaa, nalo hung'olewa machipukizi. Khalas zote ni kama mti mmoja uliotawanyika jangwani.

Kokwa haina uaminifu huo. Panda kokwa ya sukkari, tende ya Qassim, na utapata mti mwingine kabisa. Takriban nusu ya miche huwa midume, isiyozaa, na tangu zamani ilibidi kungoja miaka kadhaa hadi maua yatoke ndipo dume lijulikane. Nani angepoteza maji ya kisima kwa kungoja hivyo?

Lakini mashamba yanayofanana huugua pamoja. Kuvu wa bayoud, aliyeonekana katika Bonde la Draa, Morocco, katika karne ya 19, ameua zaidi ya mitende milioni 10 nchini humo. Medjool, fahari ya Morocco, haikumweza. Zilizomstahimili ni aina chache, nyingi zisizo na jina kubwa sokoni, na ndani yake ndimo mna kinga ambayo mzalishaji wa mbegu anaihitaji.

Stroberi huonyesha faida ya kuchanganya. Nayo huenezwa kwa matawi yatambaayo, mche ukizaa mfano wake. Ila mwaka 1714 Mfaransa Frézier alirudi kutoka Chile na miche mitano ya stroberi kubwa, yote mike. Barani Ulaya ikachavushwa na stroberi ya Amerika Kaskazini, na mseto wao ndio tunda tunalolijua leo.

Kwa mtende, kazi hiyo sasa inasomwa katika jeni. Mwaka 2013 taasisi ya sayansi ya KACST ya Riyadh, pamoja na wanasayansi wa China, ilichapisha jenomu ya khalas. Mwaka 2019 watafiti wengine walionyesha kwamba mitende ya Afrika Kaskazini ina damu ya mtende wa mwituni wa Krete, ambayo mitende ya Arabuni haina: hazina mbili, si moja.

Na ule muda wa kungoja umekatika. Kipande cha jani la mche, kikipimwa maabara, hueleza kama ni dume au jike kabla haujatoka kitaluni.