Je, aliyenunua mchezo wa video amenunua nini?

Wapo watu wa makamo, rika langu, wasiochoka kudai kwamba michezo ya video ya siku hizi imepoteza ladha ikilinganishwa na ile ya utotoni mwao. Vijana nao huwajibu kwamba hayo ni majonzi ya waliopitwa na wakati. Majuzi wanafunzi wangu walilumbana juu ya suala hili hata wakaniomba niwe mwamuzi. Nilisita, kwani niliona kwamba pande zote mbili zilikuwa zikigombania jambo lisilo lenyewe.

Tuanze na ufundi. Si kweli kwamba kila cha kale kilikuwa kizuri. Mwaka wa 1982 kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa E.T., uliotungwa kwa majuma matano hivi ili uwahi Krismasi. Ulikuwa hafifu mno, na shehena ya kaseti zake ikaishia kufukiwa huko Alamogordo, New Mexico, ambako zilifukuliwa mwaka wa 2014. Tunaikumbuka Pac-Man ya 1980, au Tetris aliyoibuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka wa 1984, kwa sababu wakati umekwisha kupepeta na kutuachia punje. Michezo ya leo ingali kwenye ungo pamoja na pumba zake. Aidha, hakuna mwenye insafu awezaye kuitazama Elden Ring ya 2022 au Baldur's Gate 3 ya 2023 akasema kwamba watungaji wamekuwa wavivu.

Wazee wana hoja moja nzito. Kosa lililoachwa ndani ya kaseti halikurekebishika, hivyo mtungaji hakuwa na budi kumaliza kazi kabla ya kuiuza. Super Mario Bros. ya 1985 ilitoshea katika kilobaiti 40 tu, na ilikuwa kamili. Cyberpunk 2077, kwa upande mwingine, ilitolewa Desemba 2020 ikiwa imejaa kasoro, hata Sony ikaiondoa katika duka lake kwa miezi sita. Lakini ilitengenezwa baadaye, na intaneti iyo hiyo iliyoruhusu uzembe ndiyo iliyouponya.

Basi kilichopungua ni nini? Nionavyo mimi, ni maana ya kitenzi kimoja: kununua. Aliyenunua kitu, kwa Kiswahili chetu, anaweza kukiuza, kukiazimisha, kukiweka rehani au kuwarithisha wanawe. Kaseti ya zamani iliyakubali hayo yote. Sasa tazama mchezo wa magari uitwao The Crew, uliotolewa na Ubisoft mwaka wa 2014. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni hiyo ilizima seva zake, na tangu siku hiyo mchezo wenyewe haukuchezeka, hata kwa aliyependa kucheza peke yake, hata kwa aliyekuwa na diski yake mkononi! Malalamiko hayakuishia vijiweni. Huko Ulaya, ombi la kutaka sheria ya kulinda michezo iliyokwisha kuuzwa lilipita sahihi milioni moja Julai 2025. Jimbo la California nalo lilitunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka wa 2025, inayomkataza mwuzaji wa bidhaa kama hizi kumwambia mteja 'nunua' bila kumweleza bayana kwamba anapewa leseni tu. Ni nadra kwetu sisi wanaisimu kuona bunge likishughulikia maana ya kitenzi.

Hapa kwetu, kijana anayelipa kwa kila mechi katika kibanda cha mtaani hajadanganywa. Anajua kwamba amekodi, na mechi ikiisha ataondoka. Mwenye kibanda naye anajua kwamba diski zake ni mtaji; akizichoka atamwuzia mwingine kama mitumba. Anayepaswa kuhurumiwa ni yule aliyelipa maelfu ya shilingi kwa simu akadhani amepata mali. Na zipo konsoli zinazouzwa bila nafasi ya kutia diski. Zikienea, sijui huyo mwenye kibanda ataurudishaje mtaji wake.

Badala ya kuamua kesi yao, niliwapa wanafunzi wangu zoezi, nami nawapendekezea walimu wenzangu wa Kiswahili walijaribu darasani. Niliwataka watafute kitenzi kinachofaa kuandikwa kwenye kitufe ambacho mteja hubonyeza ili alipie mchezo. 'Nunua' kilikataliwa mara moja. 'Azima' hakikufaa, maana anayeazima halipi. Wengi walipendelea 'kodi', mpaka msichana mmoja alipowakumbusha kwamba anayekodi baiskeli huambiwa mapema saa ya kuirudisha. 'Panga' nacho kilianguka, kwa kuwa mpangaji hukaa kwa mwezi alioulipia, tena hutarajia notisi. Mwishowe mvulana aliyekaa nyuma akatoa 'lipia'. Darasa lilicheka, lakini hakuna aliyeweza kumpinga, kwa sababu kitenzi hicho hueleza kwa ukamilifu anachotoa mteja na hakisemi lolote juu ya anachopata.