Kilango cha Chumvi

Ilipotangazwa tarehe 30 Januari 2025 kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani imeidhinisha suzetrijini, dawa ya maumivu makali isiyo ya jamii ya afyuni, nilifurahi hasa kwa sababu ya mahali inapofanyia kazi. Madhara ya mofini, ambayo ni ya jamii hiyo, kwa aliyetoka kupasuliwa, pumzi kufifia, choo kufunga, na kwa baadhi ya watu uraibu, ni maarufu, wala sitayarefusha.

Kidonda huupelekea ubongo habari kwa mishipa ya fahamu, na katika utando wa mishipa hiyo mna matundu ambayo wengine huyaita chaneli na wengine mifereji. Neno mfereji silikubali, kwani mfereji hupitisha maji mchana kutwa, ilhali tundu hili hufunguka kitambo kisichofika kupepesa jicho, likajifumba. Afadhali kilango, kama mabaharia waitavyo upenyo mwembamba wa bahari. Hebu tasawari safu ndefu ya nyumba pwani, maji yakiwa yamejaa nje, na kila mlango una komeo linalojiinua likirowa: mlango wa kwanza ukifunguka, maji huingia kwa kishindo, yakalirowesha komeo la jirani, naye akamrowesha wa pili wake, hata habari ikafika uti wa mgongo. Maji hayo ni sodiamu, ile ile ya chumvi ya mezani, ambayo nje ya utando huzidi ya ndani yapata mara kumi. Na katika mishipa ya maumivu kuna kilango kimoja, NaV1.8, ambacho, wenzake wakiwa bado wamezimia, huwahi kufunguka tena na tena, ndipo kidonda kikadumu kulia. Suzetrijini hulishika komeo lake lisiinuke. Na kwa kuwa kilango hicho ni adimu mno ubongoni, mgonjwa halewi.

Lidokeini, ganzi yetu ya siku zote, huziba vilango vya namna nyingi, hata vya mishipa iendeshayo misuli, kwa hiyo hudungwa pale pale panapouma. Suzetrijini humezwa, miligramu 100 kwanza, kisha 50 kila saa 12. Katika majaribio baada ya upasuaji wa tumbo na wa kidole gumba cha mguu iliishinda dawa bandia, ijapokuwa haikuipita haidrokodoni, dawa ya jamii ya afyuni, iliyochanganywa na parasetamoli. Lakini hailazimiki kupigana peke yake: tangu miaka ya 1990 Henrik Kehlet, tabibu mpasuaji wa Denmark, amehimiza dawa za namna mbalimbali ziunganishwe, kila moja ikizuia maumivu mahali pake, ili afyuni ipungue na mgonjwa ashuke kitandani mapema, atembee.