Twende Hereford Tukaangalie Mpira

Ndugu msomaji, leo tuweke jembe chini kidogo. Twende tukaangalie mpira. Safari yetu ni ndefu. Tunakwenda Uingereza, katika mji wa Hereford, karibu na mpaka wa Wales. Siku yenyewe ni Jumamosi, tarehe 5 Februari, 1972. Picha za mchezo wa siku hiyo zipo hadi leo, nami nimeziangalia mara nyingi.

Usidhani nakupeleka mahali pasipokuhusu. Hereford ni mji wa wakulima. Huko hulimwa matufaa. Huko ndiko walikotoka ng'ombe wa nyama waitwao Hereford, wale wekundu wenye uso mweupe. Wakati ule mnada wa ng'ombe ulikuwa ubavuni mwa uwanja wa mpira. Hata timu ya mji, Hereford United, iliitwa Mafahali.

Mimi ni bwana shamba. Kwa hiyo nilitazama ardhi kwanza, wachezaji baadaye. Ardhi ilikuwa tope tupu. Mvua ilikuwa imenyesha sana, na mchezo ulikuwa umeahirishwa zaidi ya mara moja. Wageni, timu ya Newcastle United, walikaa hotelini siku kadhaa wakisubiri maji yakauke. Wewe unayelima bondeni unajua jambo hilo. Maji yakishakaa juu ya udongo, huyaamrishi kuondoka. Katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi tuliwahi kungoja wiki mbili kucheza fainali ya kushindania mbuzi. Mwisho mbuzi akazaa, ikawa ugomvi mwingine.

Sasa nikueleze kwa nini watu 14,313 walikuja kusimama katika baridi ile.

Uingereza kuna Kombe la FA. Lilianza mwaka 1871. Ndilo shindano la kombe la mpira lenye umri mkubwa kuliko yote duniani. Uzuri wake ni kwamba timu ndogo na kubwa huingia pamoja. Ndogo huanza mapema, kwa michezo ya mchujo. Kubwa huingia raundi ya tatu, mwezi Januari. Nani acheze na nani? Hupangwa kwa bahati nasibu. Kila timu ina namba yake, na namba huokotwa moja moja. Ni kama timu ya kijiji chako kuokotwa pamoja na Simba au Yanga.

Mwaka ule Ligi ya Uingereza ilikuwa na timu 92, katika madaraja manne. Hereford haikuwamo hata katika daraja la nne. Ilikuwa nje kabisa, katika ligi ya kusini. Ronnie Radford, mchezaji wake wa kiungo, alikuwa fundi seremala. Newcastle walikuwa daraja la kwanza, na Kombe la FA walikuwa wamekwisha kulichukua mara 6. Mshambuliaji wao, Malcolm Macdonald, alikuwa amenunuliwa kwa pauni 180,000 mwaka 1971.

Timu hizi zilikutana kwanza huko Newcastle, tarehe 24 Januari. Hereford walipata bao katika sekunde ya 17. Watu wengine walikuwa bado hawajakaa. Newcastle wakarudisha, wakaongeza la pili. Kisha Colin Addison, aliyekuwa mchezaji na kocha wa Hereford pia, akasawazisha. Mchezo ukaisha 2-2.

Kwa kanuni ya wakati ule, timu zikitoka sare mchezo ulirudiwa kwenye uwanja wa yule aliyekuwa mgeni. Ndiyo maana Newcastle walilazimika kuja Hereford. Kuanzia msimu wa 2024/25 kanuni hiyo imefutwa tangu raundi ya kwanza. Siku hizi sare humalizwa siku ileile kwa muda wa nyongeza na penalti. Mimi nasikitika. Ile sare ya 2-2 leo ingemalizwa palepale Newcastle, na watu wa Hereford wangesikia habari tu.

Haya, tuingie uwanjani. Jina lake ni Edgar Street. Watu wamejaa hadi hakuna pa kuweka mguu. Waliokosa nafasi wamepanda miti iliyo jirani. Wengine wamepanda nguzo za taa. (Hilo usiliige. Nguzo ya umeme si mahali pa kukaa mtu.)

Kipenga kinalia. Mpira unakwama katika matope. Mafundi wa Newcastle wanapiga pasi fupi, lakini mpira haufiki. Mlinzi mmoja wa Hereford, Roger Griffiths, anaumia mguu mapema, lakini anaendelea kucheza. Baadaye iligundulika kuwa mfupa ulikuwa umevunjika. Kipindi cha kwanza hakuna bao. Kipindi cha pili kinakwenda, kinakwenda, bado hakuna bao.

Dakika ya 82 Macdonald anapiga mpira kwa kichwa. Bao! Newcastle 1, Hereford 0. Uwanja unanyamaza. Hapo watu wengi wangeanza kutafuta njia ya kutokea. Labda hata wewe.

Zimebaki dakika chache. Radford, yule fundi seremala, anang'ang'ania mpira katikati ya uwanja. Anaupata. Anampa mwenzake Brian Owen, naye anamrudishia. Mpira unaruka juu ya tope na kumkalia vizuri mguuni. Yuko mbali na goli, kama yadi 30. Mtu mwenye busara hapigi kutoka hapo. Radford anapiga. Mpira unapaa na kuingia katika pembe ya juu ya goli. Golikipa ananyoosha mikono, wapi!

Watoto wanaruka uzio. Wanaingia uwanjani kwa mamia, makoti yao yakipepea. Inabidi waondolewe ili mchezo uendelee.

Ukaongezwa muda. Ricky George, aliyeingia badala ya Griffiths, akapata mpira ndani ya eneo la penalti. Akageuka, akapiga chinichini hadi kwenye kona ya goli. Dakika ya 103, Hereford 2, Newcastle 1. Refa alipopuliza kipenga cha mwisho, watoto wakaingia tena, safari hii pamoja na baba zao.

Siku chache baadaye Hereford walitoka sare na West Ham, 0-0, kisha wakafungwa 3-1 katika mchezo wa marudio. Lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi lililongojwa. Wakati ule timu ya nje haikuweza kuingia katika Ligi kwa kushinda tu. Ilipigiwa kura na timu zilizomo, nazo hazikupenda kumtoa mwenzao. Unaweza kuchukua ubingwa wako wa kusini na bado ukaachwa nje. Mwezi Juni 1972 kura zilipigwa. Barrow wakatolewa, Hereford wakaingia. Nani angewanyima kura baada ya bao lile?

Mwaka 1976 walifika hata daraja la pili. Kisha wakashuka, wakarudi nje. Halafu yakaja madeni. Tarehe 19 Desemba 2014 mahakama iliamua Hereford United ivunjwe. Timu iliyoishinda Newcastle ikaisha kwa ajili ya deni.

Watu wa mji hawakukaa wakalia tu. Waliunda timu mpya, Hereford FC, katika uwanja uleule wa Edgar Street. Mwaka 2015 ilianza chini, daraja la tisa. Mwezi Mei 2016 ilikwenda Wembley, uwanja mkubwa wa taifa, kwa fainali ya kombe la timu ndogo liitwalo FA Vase. Ilifungwa 4-1 na Morpeth Town. Lakini mwaka huohuo ilipanda daraja. Ikapanda tena mwaka 2017, na tena mwaka 2018. Mara hizo zote tatu hawakuhitaji kura ya mtu.