Kakanda: Je, inafaa kulipia kusafisha meno kila miezi sita?

Kakanda, mji wa machimbo ya shaba na kobalti upande wa Likasi, wakaaji wengi wanamjua mganga wa meno kwa kazi moja: kung'oa. Mtu anavumilia, anasukutua maji ya chumvi, anameza vidonge. Siku usingizi ukikosekana ndipo anatafuta gari. Sasa ushauri mwingine unasikika: nenda kila miezi sita usafishwe meno, hata kama hauumwi. Kwa mzazi mwenye minervali ya watoto mbele yake, swali ni la haki: pesa hiyo inarudisha faida gani?

Kwanza tujue kinachofanywa. Utando laini unaokaa kwenye meno, usipoondolewa, unakuwa mgumu kama jiwe. Ndio ukoga. Burosi haiutoi tena. Mganga anaukwangua kwa vyombo vyake. Kazi hiyo si kufanya meno yawe meupe, na haizibi jino lililotoboka.

Mwaka 2018, watafiti wa shirika la Cochrane walikusanya matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa watu wazima zaidi ya 1,700. Kwa muda wa miaka miwili hadi mitatu, waliosafishwa kila miezi sita au kila mwaka walikuwa na ukoga kidogo kupungua. Lakini kuhusu ugonjwa wa fizi na kutoka damu, tofauti yao na wale wasiopangiwa kusafishwa ilikuwa ndogo sana, au haikuwepo.

Je, tubaki nyumbani basi? Hapana. Watu hao walikuwa na desturi ya kumuona mganga wa meno, na hawakuwa na ugonjwa mkali wa fizi. Mtu wa Kakanda ambaye hajafunguliwa kinywa na mganga kwa miaka kumi hafanani nao. Kwake, faida kubwa ni kuchunguzwa: tundu dogo linazibwa, jino linabaki. Likichelewa, linang'olewa.

Hata Uingereza, tangu mwaka 2004, muongozo wa afya hausemi miezi sita kwa kila mtu. Mtu mzima anapangiwa kati ya miezi 3 na miaka 2, kufuatana na hali ya kinywa chake. Mtoto asipitishe mwaka mmoja.

Wapo wasiopaswa kungoja: anayetoka damu kila akisukula meno, mwenye meno yanayotikisika, mwenye ugonjwa wa sukari, na mvutaji wa tumbaku. Mama mjamzito pia, kwa sababu fizi zake zinavimba kwa urahisi. Kusafishwa hakumdhuru mtoto tumboni. Kwa watu hao, pesa ya kusafisha haipotei.

Aliye na fizi nzuri, asiyesikia maumivu, anaweza kuchunguzwa kila mwaka au miaka miwili, na kulipia kusafishwa pale tu mganga anapoona ukoga. Muulize: «Unaona nini kinywani mwangu? Nisiposafisha, itakuwaje?» Muulize pia kama vyombo vimechemshwa kwa mashine baada ya mgonjwa aliyetangulia. Chombo chenye damu kinaweza kupitisha homa ya ini na virusi vya ukimwi. Na usijikwangue mwenyewe kwa kisu au sindano.

Dawa kubwa iko nyumbani, na bei yake ni ndogo. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani liliweka dawa ya meno yenye floridi kwenye orodha ya dawa za lazima. Sokoni, soma tyubu: tafuta neno «fluor» au «fluorure», na namba kati ya 1000 na 1500 ppm. Sukula mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa kabla ya kulala. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Mtoto mdogo atiliwe kidogo kama punje ya mchele, na mzazi ashike burosi. Sukre na pipi zisiwe za kila saa.

Shirika hilo lilihesabu mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 duniani wana ugonjwa wa kinywa, na mwingi unaweza kuzuiwa. Kwa familia ya Kakanda yenye pesa kidogo, mpango ni huu: kwanza burosi na floridi kwa kila mmoja, pili uchunguzi kabla ya maumivu, tatu kusafishwa kwa anayehitaji.